Hiari, Chaguo na Bei ya Mgomo: Uhakiki wa Lugha ya Programu za Mikataba ya Soko

Kila biashara mpya inapoingia nchini huja na maneno yake, na neno lisilotafutiwa Kiswahili mapema hujitafutia lenyewe. Hali hiyo ndiyo iliyoikuta biashara ya mikataba ambayo humpa mtu haki ya kununua au kuuza mali kwa bei iliyokwisha kuwekwa, bila ya kumlazimisha kufanya hivyo. Zamani biashara hiyo ilikuwa mbali nasi. Soko la kwanza lililopangwa rasmi kwa mikataba ya namna hiyo juu ya hisa lilifunguliwa Chicago mwezi Aprili 1973, na mwaka huo huo Fischer Black na Myron Scholes walichapisha kanuni ya hesabu ya kukadiria thamani yake. Siku hizi programu iliyo katika simu huifanya hesabu hiyo kwa nukta chache, humwonyesha mwenye simu mikataba yake yote katika jedwali moja, humpigia kengele bei inapofika mahali fulani, na hata humwuzia akiwa amelala. Mwenye simu huyo aweza kuwa karani wa ofisi za Posta au mwenye duka wa Mtaa wa Kongo, Kariakoo.

Makala haya hayakusudii kumfundisha mtu biashara hiyo, wala kuisifu. Yanakusudia kuhakiki Kiswahili ambacho mashine za kufasiri hukitoa zinapopewa programu za namna hiyo na maelezo yake. Hoja yetu ni moja. Katika biashara hii istilahi mbovu si aibu ya lugha tu, bali ni njia ya kumpotezea mtu fedha. Msomaji wa kitabu akipotoshwa na neno aweza kurudi nyuma na kusoma tena. Msomaji wa programu hubonyeza neno, na neno likishabonyezwa mkataba umekwisha fungwa.

Makosa ya kufasiri neno peke yake

Tuanze na kosa lililo wazi zaidi. Waingereza hutumia neno moja kwa mgomo wa wafanyakazi na kwa bei ambayo mwenye mkataba ana haki ya kununulia au kuuzia. Mashine imechukua maana iliyoizoea, nasi tukapewa "bei ya mgomo". Sasa, mtu wa Kariakoo hahitaji kuelezwa mgomo ni nini. Mwezi Mei 2023, na tena mwezi Juni 2024, wafanyabiashara wa hapo walifunga maduka kwa sababu ya malalamiko yao juu ya kodi. Mtu huyo akikuta "bei ya mgomo" katika simu atakuwa na haki ya kudhani kwamba anaonyeshwa bei ya siku ambayo maduka yamefungwa na bidhaa zimeadimika.

Kosa la pili ni la namna hiyo hiyo. Neno la Kiingereza la kuita ndilo pia la kupiga simu. Kwa hiyo haki ya kununua imegeuka kuwa "chaguo la simu". Mwenza wake, yaani haki ya kuuza, umeitwa "chaguo la kuweka". Msomaji wa Kiswahili anajua kuweka fedha, kuweka akiba na kuweka rehani. Katika hayo yote hakuna kuuza, na kwa kweli yote yanaelekea upande wa kutouza. Pale dalali anapomtaka mteja aongeze fedha za kulinda mikataba yake kabla haijavunjwa, tafsiri imempa "simu ya pembezoni". Mteja atasubiri simu ilie. Haitalia, kilichotakiwa ni fedha, na muda ukipita mikataba yake huuzwa bila ya yeye kuulizwa.

Kosa la tatu ni la hila zaidi, maana kila neno ndani yake ni Kiswahili safi. Mikataba ambayo mtu ameifungua na hajaifunga huitwa "nafasi zilizo wazi". Hapa Tanzania, kwa mwalimu na kwa mtumishi wa serikali, maneno hayo yana maana moja tu: ajira zinazotangazwa. Hakuna kosa la sarufi wala la msamiati. Kosa ni kwamba mfasiri, awe mtu au mashine, hakujiuliza maneno hayo tayari yana mwenyewe au la.

Neno "chaguo" na ugomvi wake

Wako wafasiri makini ambao hawakufuata mashine, wakakubaliana kuuita mkataba huu "chaguo". Kwa kitabu neno hilo lingeweza kuvumilika. Kwa programu halifai, na sababu zake ni tatu.

Kwanza, katika lugha ya kompyuta neno "chaguo" limekwisha kupewa kazi. Tangu programu za ofisi zilipoanza kutafsiriwa kwa Kiswahili, kama ile ya Jambo OpenOffice iliyotolewa mwaka 2004 kutokana na kazi iliyofanywa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, wafasiri wamelihitaji neno la kutaja mambo ambayo mtumiaji aweza kuyateua kwenye orodha ya amri, na "chaguo" ndilo lililo karibu. Programu ya kusimamia mikataba hii itakuwa na orodha ya chaguo za programu, na ndani yake orodha ya chaguo za soko. Mtu akiambiwa "futa chaguo", afute kipi? Akikosea, ama amebadili rangi ya kioo cha simu yake, ama ameuza mkataba wenye thamani ya mshahara wa miezi mitatu.

Pili, wingi wa neno hilo haujatulia. Wengine huandika "chaguo" kwa umoja na wingi, wengine "machaguo", na wengine "chaguzi". Hili la mwisho ni wingi wa uchaguzi, nasi tunajua uchaguzi huhitaji wagombea na sanduku la kura. Istilahi isiyo na wingi mmoja haijawa istilahi.

Tatu, na hili ndilo kubwa, "chaguo" halisemi ni nani mwenye uhuru na ni nani aliyefungwa. Mkataba huu una watu wawili wasio sawa. Mmoja amelipa fedha ili awe huru kuamua. Mwingine amepokea fedha, na kuanzia hapo hana uamuzi tena. Akitakiwa kuuza atauza, akitakiwa kununua atanunua. Anayeitwa "muuza chaguo" aweza kudhani kwamba naye anachagua.

Kwa hiyo tunapendekeza neno "hiari". Haki ya kununua iwe "hiari ya kununua", na haki ya kuuza iwe "hiari ya kuuza". Aliyelipa ni "mwenye hiari". Aliyepokea malipo ni "mtoa hiari". Neno hili halibadiliki katika wingi, halina kazi nyingine katika programu, na lina kinyume chake kinachojulikana na kila mtu, nacho ni lazima. Mwalimu aweza kueleza biashara nzima kwa sentensi moja: hiari ya mmoja ni lazima ya mwenziwe.

Pingamizi moja lastahili kujibiwa. Mtu aweza kusema kwamba "mkataba wa hiari" utaeleweka kuwa ni mkataba uliofanywa bila ya kushurutishwa, kama vile mchango wa hiari. Pingamizi hilo ni la haki. Ndiyo maana hatupendekezi "mkataba wa hiari" kusimama peke yake mahali pasipo na ufafanuzi. Yafaa kutaja kitendo kila mara: hiari ya kununua, hiari ya kuuza. Kitendo ndicho kinachoondoa utata.

Arbuni: neno tulilo nalo

Wapo wanaosema kwamba Kiswahili hakina maneno ya mambo haya kwa kuwa mambo yenyewe ni mageni. Hilo si kweli kabisa. Kamusi zetu zina neno "arbuni", lililotoka katika Kiarabu, lenye maana ya fedha ambazo mnunuzi humpa muuzaji ili amshikie mali. Akirudi, mali ni yake. Asiporudi, fedha zake zimepotea.

Tuchukue mfano. Mnunuzi amekwenda kwa mwenye duka la vitambaa Kariakoo, akatoa shilingi 200,000 ili ashikiwe jora 100 hadi mwisho wa mwezi kwa bei ya shilingi 50,000 kila jora. Bei ikipanda hadi 60,000, mnunuzi atazichukua kwa 50,000 na kupata nafuu ya shilingi 1,000,000. Ukiondoa zile 200,000 alizotoa, abaki na 800,000. Bei ikishuka hadi 45,000, ataziacha na kununua kwingine, na hasara yake haitapita zile 200,000. Sasa mtazame mwenye duka. Bei ikiruka hadi 80,000, analazimika kuuza kwa 50,000, naye amekosa shilingi 3,000,000 kwa ajili ya 200,000 alizopokea. Hasara ya mmoja ina mwisho unaojulikana tangu siku ya kwanza. Ya mwingine haina. Mwenye duka yeyote ataelewa hesabu hiyo kabla hujamaliza kuisema, na hiyo ndiyo hesabu ambayo programu zile huichora kwa mistari ya rangi.

Je, basi malipo ya hiari yaitwe arbuni? Tumelipima jambo hili, na jibu letu ni hapana, kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kwamba arbuni kwa desturi huhesabiwa ndani ya bei mnunuzi akirudi, hali malipo ya hiari hayahesabiwi kamwe. Yamelipwa kwa ajili ya hiari yenyewe. Aliyezoea arbuni ataiona hesabu yake imepungua na kudhani ameibiwa. Ya pili ni kwamba neno hili lina ndugu yake, kitenzi "kurubuni", ambacho leo maana yake ni kumvuta mtu kwa hila. Zaidi ya hayo, arbuni ina mjadala mrefu katika sheria za Kiislamu: wanazuoni wa Hanbali waliikubali, na wale wa Shafii, ambao madhehebu yao ndiyo yenye wafuasi wengi katika pwani yetu, hawakuikubali. Istilahi ya programu haifai kubeba mzigo huo wote. Tunapendekeza "ada ya hiari". Lakini arbuni isitupwe. Ibaki kuwa mfano wa mwalimu, maana humvusha mwanafunzi kutoka kwenye kitu anachokijua.

Kadhalika ipo haja ya kutenga hiari na mkataba unaowafunga watu wote wawili. Mkulima wa Kagera anayeuza kahawa yake ikiwa bado mtini, desturi iitwayo butura ambayo Serikali imekuwa ikiipiga vita, hana hiari yoyote. Zao likiiva si lake tena, hata bei ikiwa imepanda mara mbili. Mikataba iliyofunguliwa rasmi katika Soko la Hisa la Nairobi mwezi Julai 2019 nayo ni ya kufunga pande zote mbili, ingawa ina usimamizi na ulinzi ambao butura haina. Hiyo yafaa kuitwa "mikataba ya bei ya baadaye". Mfasiri anayeyaita yote haya kwa jina moja amemficha msomaji jambo analohitaji kujua kuliko yote: je, naweza kujitoa?

Mzigo wa neno "dhamana"

Hakuna neno lililofanyishwa kazi kupita kiasi kama "dhamana". Mahakamani ni kinachomtoa mshitakiwa rumande. Benki ni nyumba au shamba linalowekwa kwa ajili ya mkopo. Katika jina la Mamlaka ya Masoko ya Mitaji na Dhamana, chombo kilichotokana na sheria ya mwaka 1994, ni hisa, hatifungani na mfano wa hayo. Katika hotuba ni wajibu wa kiongozi kwa wananchi. Sasa programu za mikataba zinataka kuongeza maana ya tano: fedha ambazo mtoa hiari huziweka kwa dalali ili ionekane kwamba ataweza kutimiza ahadi yake.

Tukikubali, tutapata sentensi kama hii: "Weka dhamana kabla ya kuuza dhamana." Tunapendekeza fedha hizo ziitwe "amana ya mkataba", na lile takwa la kuziongeza liitwe "dai la kuongeza amana". Neno "dai" lina ukali unaostahili. Mtu akiona anadaiwa hatasubiri simu.

Maneno yanayoahidi yasiyoweza kutimizwa

Lipo kundi jingine la maneno ambalo hatari yake ni kwamba linapendeza. Amri ya kuuza yenyewe bei inaposhuka hadi kiwango fulani huitwa "zuia hasara". Hiyo ni ahadi kubwa. Soko likifunguliwa asubuhi bei ikiwa imekwisha kuruka chini ya kiwango kile, amri itatekelezwa kwa bei itakayokutwa, na hasara haitakuwa imezuiwa. Yafaa kusema "oda ya kupunguza hasara". Hapa tunalipendelea neno "oda" kuliko "agizo", kwa kuwa maduka yetu yote yanaagiza na kupokea oda, hali "agizo" limezoeleka zaidi kwa maneno ya mkubwa kwa mdogo wake. Mteja haagizwi na programu, wala yeye haliagizi soko.

Vile vile faida inayoonyeshwa kwa rangi ya kijani kabla mkataba haujafungwa isiitwe faida tu. Iitwe "faida ya hesabuni", na itakayopokelewa baada ya kufunga iitwe "faida ya mkononi". Mikataba yenyewe iliyo wazi, badala ya kuwa nafasi za kazi, iitwe "mikataba hai", kama tunavyosema mwanachama hai. Mkataba hai una siku ya kufa, nayo ni "tarehe ya ukomo". Na kila siku inayopita hula sehemu ya thamani yake. Vipimo vya mabadiliko hayo vimepewa herufi za Kigiriki katika lugha zote, na hatuoni sababu ya kuvibadili: delta ibaki delta, theta ibaki theta. Kinachotakiwa ni maelezo. Delta huonyesha bei ya hiari itabadilika kwa kiasi gani bei ya mali ikibadilika kwa shilingi moja. Theta huonyesha kiasi kinacholiwa na siku moja. Mashine isiyojua hilo imeviita vipimo hivyo "Wagiriki", na mtumishi wa serikali akiambiwa "angalia Wagiriki wako" atatafuta wageni.

Jambo zito zaidi katika kundi hili ni zile ziitwazo "chaguo mbili", ambamo mtu hutoa fedha na kusema bei itapanda au itashuka katika dakika chache. Akipatia hulipwa kiasi kilichotajwa. Akikosa hupoteza yote. Hapo hakuna mali inayonunuliwa wala haki ya kununua. Mwaka 2018 mamlaka ya Umoja wa Ulaya inayosimamia masoko ya mitaji ilipiga marufuku kuziuza kwa wawekezaji wa kawaida. Tunashauri neno hiari lisitumiwe kabisa hapa. Kitu hiki kina jina lake katika Kiswahili, nalo ni "dau". Kukiita jina la heshima ni kumsaidia anayekiuza dhidi ya anayekinunua.

Mlanguzi, mwekezaji na aliye katikati

Limebaki swali la kumwita mtu mwenyewe. Anayenunua mikataba hii si kwa kuhitaji mali bali kwa kutegemea bei igeuke, wengine wamemwita "mlanguzi". Msomaji wa Tanzania hawezi kulisoma neno hilo bila ya kukumbuka mwaka 1983, ulipoendeshwa msako wa wahujumu uchumi na walanguzi, na bidhaa zilizofichwa zikatafutwa majumbani na madukani. Mlanguzi ni mtu aliyeficha sukari. Huyu hakuficha kitu. Kwa upande mwingine, kumwita "mwekezaji" ni kumweka pamoja na yule aliyenunua hisa za NMB mwaka 2008 au za CRDB mwaka 2009 akazitunza kwa ajili ya gawio. Tunapendekeza "mkisiaji wa bei", na kwa yule anayetumia hiari ili kujilinda na mabadiliko ya bei ya mali anayoimiliki, "mwekaji kinga". Hivyo tutaepukana pia na "ua", ambalo mashine ilitupa kwa maana ya kinga kana kwamba soko ni shamba la mihogo.

Njia ya kutunga

Katika yote haya hatusemi kwamba maneno ya kigeni yakataliwe. Jina la Kariakoo lenyewe limetokana na jina la kikosi cha wapagazi wa jeshi la Waingereza katika Vita Kuu ya Kwanza, na leo hakuna anayeliona kuwa geni. Wala hatusemi kwamba kila neno litungwe upya mezani. Tunasema kwamba neno lipimwe mahali litakapotumika. Soko la Hisa la Dar es Salaam lilipoanza mauzo tarehe 15 Aprili 1998 kwa hisa za kampuni ya TOL, neno "hisa" lilikuwa linaeleweka tayari kwa kila aliyewahi kugawana kitu na wenziwe. "Hatifungani" lilihitaji kuelezwa, lakini lilijieleza nusu: hati inayofunga. "Stakabadhi ghalani" limefika hadi kwa wakulima wa korosho, kwa kuwa linataja karatasi na linataja ghala. Maneno hayo matatu hayakutoka njia moja, ila yote yanamwambia mtu ameshika nini mkononi.

Kwa muhtasari, twapendekeza: hiari ya kununua, hiari ya kuuza, mwenye hiari, mtoa hiari, ada ya hiari, bei ya mkataba, badala ya bei ya mgomo, kutumia hiari, badala ya kufanya zoezi, tarehe ya ukomo, mikataba hai, amana ya mkataba, dai la kuongeza amana, oda ya kupunguza hasara, faida ya hesabuni, faida ya mkononi, mkisiaji wa bei, mwekaji kinga, na dau, kwa kile kisichostahili kuitwa hiari.

Kabla ya kusanifiwa, maneno haya yapelekwe kwa watu wa aina mbili: madalali wa hisa walioko mjini kati, na wenye maduka wa ng'ambo ya pili ya Mnazi Mmoja. Wale wa kwanza watatuambia kama neno linalingana na sheria za soko. Wa pili watatuambia kama mtu akilisoma mara moja tu, kidole chake kikiwa juu ya kioo, atajua anachokifanya. Wafasiri na walimu wenye pingamizi, hususan juu ya "amana ya mkataba" ambalo sisi wenyewe tunaona lingeweza kuboreshwa, wanaombwa kuleta maoni yao pamoja na sentensi walizokutana nazo, si neno peke yake.